SHINGO YA GITAA INAANZIA KWENYE MISHIPA YA MBAO

Mwezi huu nimeombwa niandike kidogo juu ya kazi yangu ya kutengeneza magitaa. Nimekubali kwa furaha, maana kuna swali moja ambalo vijana wananiletea karibu kila wiki: "Papa fundi, mbona shingo ya gitaa langu inapinda?"

Kijana amejenga sanduku zuri, amelipaka rangi, amefunga nyuzi, sauti imetoka, marafiki wamepiga makofi. Miezi miwili ikipita, nyuzi zimeinuka mbali na shingo, vidole vinauma, na sauti za juu hazikubaliani tena na za chini. Anafikiri kosa liko kwenye nyuzi, anakwenda kutafuta nyingine. Mimi huwa namwambia aache nyuzi kwanza, ageuze gitaa aangalie mbao.

Tuanze na mzigo wenyewe. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa mpaka sauti yake, kwa pamoja zinavuta kiasi cha kilo 40. Nyuzi za chuma zinavuta kiasi cha kilo 70, hiyo ni sawa na mtu mzima. Sasa fikiri: mtu mzima ananing'inia kwenye kipande cha mbao chenye unene wa vidole viwili tu, usiku na mchana, masika na kiangazi. Viwanda vya nje, tangu miaka ya 1920, vinaweka fimbo ya chuma ndani ya shingo, na fundi anaweza kuikaza shingo ikianza kupinda. Sisi hapa wengi wetu hatuna hiyo fimbo. Kinachotubebea mzigo ni mbao peke yake, kwa hiyo lazima tuichague kwa akili.

Kazi hii nilifundishwa na baba mdogo wangu kule Uvira, kabla hatujavuka ziwa. Yeye alikuwa seremala wa vitanda na milango, magitaa alikuwa anatengeneza jioni. Sisi watu wa Kongo gitaa tunalijua kama tunavyojua sufuria. Mwenda wa Bayeke, yule Jean-Bosco, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, akiwa na gitaa moja tu na sauti yake, na mpaka leo watu wa nchi za mbali wanajifunza vidole vyake. Franco Luambo Makiadi, kabla hajawa mtu mkubwa, alianza utotoni kule Kinshasa na gitaa la kujitengenezea mwenyewe. Kwa hiyo mtoto wako akikaa nyuma ya nyumba na kopo, ubao na waya za breki za baiskeli, usimfukuze haraka.

Siku ya kwanza baba mdogo hakunipa randa wala msumeno. Alinipa shoka na rundo la kuni. Akasema: "Pasua, halafu uniambie umeona nini." Nilipasua mpaka mikono ikatoka malengelenge. Kuni moja ilifunguka kwa pigo moja, nyoofu kama imechorwa. Nyingine ilijisokota, shoka likabanwa. Akacheka, akasema: "Usiangalie rangi, mutoto. Rangi inadanganya. Angalia mushipa, mushipa haidanganyi."

Mama wanaosoma hapa wanalijua jambo hili kuliko mafundi wengi. Kila siku mnapasua kuni. Mnajua kuni ipi inafunguka na ipi inasumbua, hata kabla ya kuigonga. Hayo ndiyo mishipa ya mbao: nyuzinyuzi ndefu zinazotoka kwenye mizizi kwenda juu kwenye matawi. Mbao ina nguvu kubwa sana ukiivuta au kuikunja kwa kufuata urefu wa mishipa. Lakini kati ya mshipa na mshipa nguvu ni ndogo, ndiyo maana shoka linapita. Shingo ya gitaa ambayo mishipa yake inaanza katikati na kutokea ubavuni, ni shingo iliyokwisha kupasuliwa nusu. Inangoja tu nyuzi zimalize kazi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: mishipa iende nyoofu kutoka kisigino cha shingo mpaka kichwani, bila kutoroka pembeni. Utajuaje? Usiangalie uso mmoja tu. Mbao ina nyuso nne na vichwa viwili. Inaweza kuonekana nyoofu ukiitazama kwa juu, kumbe ubavuni mishipa inapanda kama njia ya mlimani. Piga randa: ikiteleza vizuri ukienda upande mmoja, na ikanyofoa ukirudi upande wa pili, ujue mishipa inapanda. Dondosha tone la wino kwenye uso uliopigwa randa: wino utanyooka kufuata mishipa na kukuonyesha inakoelekea. Na kama una kipande cha ziada mwishoni, kipasue kwa shoka. Hakuna kipimo cha kweli kuliko hicho. Fundo nalo usilisamehe. Fundo ni mzizi wa tawi, na mishipa yote ya jirani inapinda kulizunguka kama maji ya mto yanavyozunguka jiwe.

Sheria ya pili ni jinsi mbao ilivyochanwa kutoka kwenye gogo. Hapa vijana wengi wanapotea. Tazama kichwa cha mbao, pale msumeno ulipokata. Utaona mistari ya pete za mti. Kama pete zimelala kama mikeka iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, hiyo tunaiita mbao ya kulala. Ndiyo iliyo nyingi, kwa sababu mchanaji akichana gogo moja kwa moja toka juu hadi chini anapata mbao nyingi za namna hiyo. Kama pete zimesimama wima kama watu kwenye foleni ya mgao, hiyo ni mbao ya kusimama. Inapatikana kwa kuligawa gogo robo nne kwanza, au ni zile mbao mbili tatu zinazopita karibu na moyo wa gogo. Na zile zenye pete za mshazari ziko katikati ya hizo mbili.

Tofauti yake ni nini? Mbao inavuta unyevu wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Kwa urefu haibadiliki karibu kitu. Lakini kwa upana inavimba na kusinyaa, na kufuata mzunguko wa pete inasinyaa takriban mara mbili ya inavyosinyaa toka moyo kwenda gandani. Ndiyo maana mbao ya kulala inajikunja kama jani la ndizi juani. Mbao ya kusimama nayo inasinyaa, ila inasinyaa kidogo na kwa usawa, inabaki nyoofu. Kwa shingo, basi, pete zisimame wima kutoka ubao wa vidole kwenda mgongoni mwa shingo. Ukipata za mshazari kidogo, bado ni nzuri.

Sisemi mbao ya kulala haifai kabisa. Huko Marekani kampuni ya Fender imetengeneza shingo nyingi mno za mbao ngumu iitwayo mepo, na nyingi zilichanwa kwa kulala, nazo zinapigwa mpaka leo. Lakini mbao yao imekaushwa vizuri na ndani kuna ile fimbo ya chuma. Sisi tusio na fimbo tusijipime na wao. Na mkinilazimisha kuchagua kati ya mbao ya kusimama yenye mishipa inayotoroka, na mbao ya kulala yenye mishipa nyoofu, nitachukua ya pili bila kufikiri mara mbili. Unyoofu wa mishipa unatangulia.

Kuhusu aina za miti: mninga ni rafiki wa fundi, hauchezi sana masika na kiangazi. Mkangazi ni mzuri na mwepesi, ila angalia mishipa, mara nyingi inapishana ndani. Mvule, ambao sisi tunauita muvula, nao ni hivyo hivyo: ni imara na mchwa hawaupendi, lakini mishipa yake inapenda kupishana, kwa hiyo chagua kipande kwa kipande. Mtiki ni mzuri. Ila una mafuta, kwa hiyo piga randa uso wake na ubandike gundi siku hiyo hiyo. Mkaratusi mchanga uache kwenye nguzo za nyumba, unajisokota na kupasuka ukikauka. Mwembe unaliwa na wadudu. Kwa ubao wa vidole, ule wa juu unaoguswa na nyuzi, tunataka mbao ngumu. Mfalme ni mpingo, ule wanaotengenezea klarineti, lakini kipande cha mninga mzito kinatosha.

Najua mtasema: "Fundi, unatutajia mininga na mikangazi, sisi tutaipata wapi?" Ni kweli. Miti mibichi hatukati, na hatuna pesa ya mbao mpya. Lakini hapa kuna siri ambayo ingewafaa hata matajiri: shingo nzuri haihitaji gogo kubwa, inaweza kutoka kwenye vipande. Kichwa cha gitaa kinainama nyuma kidogo, kiasi cha nyuzi 15 za pembe. Ukikichonga pamoja na shingo kutoka kwenye bonge moja, mishipa inakatwa mifupi pale penye shingo nyembamba, na gitaa likianguka tu kichwa kinavunjika hapo hapo. Kwenye duka moja niliwahi kuona magitaa mapya matatu yaliyovunjika mahali pamoja, na mwenye duka analaumu watoto. Dawa yake: kata mbao kwa mshazari mrefu, geuza kipande ulichokata juu chini, kibandike tena. Sasa kichwa kimeinama, na mishipa inakwenda nyoofu shingoni na nyoofu kichwani. Kisigino nacho unakipata kwa kubandika vipande vifupi kimoja juu ya kingine. Mbao ya unene wa inchi moja na urefu wa sentimita 75, pamoja na makombo, inatosha shingo nzima.

Hapo nikumbuke jambo la mwaka jana. Mama mmoja mjane wa kijiji cha jirani alikuja na mwanae wa miaka kumi na sita, wamebeba ubavu wa kitanda. Ni mbao ya mninga, inchi sita kwa moja, urefu karibu mita mbili. Kitanda kilikuwa kimetengenezwa na marehemu mume wake hapa hapa kambini, na kilikuwa kimevunjika miguu. Kijana anapiga gitaa kwenye kwaya, lakini la kuazima. Akaniambia: "Papa fundi, hii mbao ni ya papa. Inaweza kutoa shingo?"

Niliigeuza. Ni mbao ya kulala. Katikati, ukingo wa chini, kuna fundo kubwa kama ngumi ya mtoto. Upande wa kichwani, sehemu ya sentimita 70 hivi, mishipa ilikuwa nyoofu kama kamba ya fundi mwashi. Na hapo hapo, kwa ndani, yule baba alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino majina ya watoto wake watano na siku walizozaliwa. Wawili kati yao walizaliwa njiani, na siku zao hazikuandikwa mahali pengine popote.

Niliwaambia ukweli kama ulivyo: sehemu nzuri kuliko zote ni ile yenye maandishi. Kijana akasema mara moja tukate, maandishi atayanakili kwenye daftari. Mama yake hakujibu. Akaomba wakalale kwanza. Siku ya tatu alirudi peke yake, akakaa kwenye kigoda, akaniambia: "Fundi, hapana. Daftari ni mukono ya mutoto. Hii ni mukono ya baba yao. Tafuta njia ingine, ao tuache."

Kijana alipoambiwa alikasirika, nami sikumlaumu. Alikuwa anaona gitaa linamponyoka. Lakini mama alikuwa amesema, na mbao ilikuwa yake. Kazi ya fundi hapo si kumshinda mama kwa maneno, ni kurudi kuitazama mbao upya.

Tulikata kwanza kile kipande chenye maandishi, nikampigia msasa ukingoni, akaondoka nacho. Tukabaki na mita moja na ushei yenye fundo. Nikachora kwa penseli: ukingo wa juu, mbali na fundo, mishipa ilikuwa bado nyoofu, ya kutosha fito mbili za sentimita 75. Fito ya tatu ingepita karibu na fundo, hiyo nikaikataa. Badala yake nikachukua kipande cha fremu ya mlango wa zamani, mninga pia, kilichokauka miaka mingi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mbao ya kulala inapogeuka. Ukiichana mbao ya kulala kuwa fito, kisha ukaizungusha kila fito robo mzunguko ili ubavu uwe uso, pete zilizokuwa zimelala zinasimama. Mbao ni ile ile, imebadilishwa kukaa tu. Tukaweka fito mbili za baba kwa nje, ile ya mlango katikati. Nikaigeuza ile ya katikati, kilichokuwa juu kikawa chini, ili ikitaka kujisokota upande wa kulia, wenzake wavute kushoto. Kijana alipiga randa nyuso zote mpaka mwanga haupiti katikati. Tukapaka gundi nyeupe, tukafunga kwa mikanda ya mpira wa ndani wa baiskeli, tukazungusha toka mwanzo hadi mwisho kama bandeji. Haikuguswa mpaka kesho yake. Gundi ikishika kati ya nyuso mbili zilizokutana vizuri, mbao itapasuka pembeni kabla gundi haijaachia.

Gitaa lilifungwa nyuzi za nailoni mwezi wa Oktoba, mvua zinaanza. Nilimwambia kijana alilete kila mwezi. Tunavuta uzi mwembamba toka kichwani mpaka mwisho wa shingo na kutazama nafasi inayobaki katikati. Masika yote imepita, kiangazi kimeingia, nafasi ni unene wa karatasi mbili, kama siku ya kwanza. Ile mbao yenye majina iko ukutani kwao juu ya mlango. Kijana sasa ni mwanafunzi wangu, na hasira ilikwisha.

Kabla sijamaliza, neno juu ya kukausha. Mbao mbichi usiifanye shingo hata ikiwa na mishipa mizuri namna gani. Mbao ya inchi moja inataka karibu mwaka mzima kivulini, imeinuliwa toka chini, vijiti katikati ili upepo upite, na vichwa vyake vimepakwa rangi au nta visipasuke. Usiianike juani. Ukitaka kujua imekauka, chukua kijiti, weka alama ya upana wake, upime kila wiki mbili. Siku alama inapoacha kusogea, iko tayari. Ndiyo maana napenda mbao za zamani: vitanda, fremu, makasha, meza zilizovunjika. Miaka mingi imekwisha kuzikausha, na kama zilitaka kupinda zimekwisha kupinda, unaziona.

Wazazi wenzangu, kabla ya kutupa kiti kilichovunjika jikoni kiwe kuni, kitazameni kichwa cha mbao yake. Pete zikiwa zimesimama na mishipa ikiwa nyoofu, mwekeeni mtoto. Na ninyi vijana, mkitaka kuja kujifunza, mlango uko wazi Jumamosi mchana. Msilete pesa. Leteni kila mmoja kipande kimoja cha mbao mlichokichagua wenyewe, na mje tayari kueleza kwa nini mmekichagua. Shoka nitawapa mimi.

Fundi wa magitaa